Nyanya kichwa chini kwenye ndoo: nimejaribu hapa Dodoma

Mkuu umeuliza kama nyanya za kuning'iniza kichwa chini zinakubali huku kwetu, maana umepanga, uwanja wote saruji na kuku wa jirani hawakubakishii kitu. Zinakubali. Ila ni shughuli, tena sio ile unayoionaga kwenye video.

Mimi nilianza nikiwa nimepanga Nkuhungu. Nikachukua ndoo tatu za rangi za lita 20 kwa fundi, nikasugua mpaka harufu ikaisha, nikatoboa tundu katikati ya kitako. Mche unaingia kwa chini, mizizi ndani majani nje, shina unalivisha kipande cha sponji ya godoro kilichochanwa upande mmoja ili mche usichoropoke, ndo unajaza udongo kwa juu. Hapo kwenye udongo ndo niliharibu. Nilijaza udongo na mchanga mpaka pomoni, na ndoo kama hiyo ikishanywa maji ni kilo 25 na zaidi, alafu kumbe kenchi ya baraza mchwa walishaila kwa ndani. Siku ya nne saa nane usiku, puuu! Mwenye nyumba katoka na tochi na panga akijua mwizi. Toka siku hiyo natumia ndoo za lita 10, nachanganya samadi ya mbuzi iliyooza vizuri na pumba za mpunga, inakuwa nyepesi, natundika kwenye bomba la chuma.

Wiki ya pili utaona shina linajikunja kama ndoano linatafuta juu. Usiogope, mmea unajua juu ni wapi hata uupindue vipi. Usilivute linyooke, mimi nililivuta likakatika. Matunda yakianza kuwa mazito linashuka lenyewe.

Sasa kazi yenyewe ni maji. Ndoo inapigwa na jua na upepo pande zote, na wewe unajua upepo wa Dodoma wa mwezi wa saba na wa nane ulivyo, asubuhi umemwagilia jioni udongo mkavu kama unga. Na ukimwagilia yanapita yanadondoka kwenye tundu, yanalowesha majani, ukungu nao unapata pa kuanzia. Mtaani kwetu maji yalikuwa ya zamu, kuna mda siku mbili bomba kavu, nikawa naruka alafu yakija namwaga kwa pupa. Matokeo yake nyanya zikaanza kuoza kitako, lile doa jeusi limebonyea kwa chini. Muuza dawa akaniuzia dawa ya ukungu, hela ikaenda bure, maana ule sio ugonjwa, ni tunda kukosa kalisiamu kwa sababu maji yanakuja leo kesho hakuna. Nilivyoanza kutoa lita moja asubuhi na moja jioni bila kuruka, na juu ya udongo nimetandaza majani makavu, matunda yaliyofuata yakatoka safi.

Upepo nao una faida yake, maua ya nyanya yanajichavusha yenyewe yakitikiswa. Ila funga ndoo isizunguke, shina linajisugua kwenye ukingo wa tundu linachubuka.

Kuhusu wadudu, sota wa ardhini, yule kiwavi anayekata miche, hakupati kweli, na kuku wanaishia kuangalia tu. Ila kantangaze, kile kiwavi kinachotoboa majani na matunda ya nyanya, usijidanganye, mama yake ni nondo, yule kipepeo wa usiku, anaruka, anakufuata hukohuko juu. Jani ukiliona lina michirizi au mabaka meupe kama limechorwa ndani, litoe mapema.

Mbegu chukua Tanya au cheri ya aina fupi. Zile za kupanda kwenye kamba zitakusumbua.

Saizi yangu ndoo bado zinaning'inia ila nimezigeuza, nyanya inatoka juu inamwagikia pembeni, maji natumia kama nusu ya yale ya mwanzo. Kuku bado hawafiki. Nimeacha moja tu kichwa chini, hiyo ya watoto, hawataki niiguse.