Kabla ya kukariri kemia, hesabu kaboni

Vijana wanaokuja kwangu Katuba, hapa Lubumbashi, kujisomea kemia huja na madaftari yaliyojaa fomula. Asidi ya piruvi, asidi ya asetoasetiki, asidi ya levulini: wanazitaja bila kukwama. Nikiwauliza ni ipi inayovunjika yenyewe ukiipasha moto kidogo tu, wanatazamana.

Nami nilikuwa hivyo hivyo. Kilichonizindua ni pumzi ya mama mdogo.

Ana kisukari, na insulini ilikuwa imemwishia siku kadhaa. Alitapika usiku kucha, akihema kwa kina na kwa haraka kama mtu aliyetoka kukimbia, nasi nyumbani tukasema ni malaria. Nilipomwinamia kumnywesha maji nikanusa harufu tamu na kali, ile ile ya dawa ya kutoa rangi ya kucha. Asetoni! Nilishtuka, tukampakia kwenye pikipiki, mimi nyuma nikimshika. Hospitalini walimpima sukari, wakamwekea insulini na maji ya mshipa. Alipona. Ukinusa harufu hiyo kwa mgonjwa wa kisukari anayetapika, usingoje asubuhi.

Aliporudi nyumbani nilifungua daftari upya. Insulini ikikosekana, ini huchoma mafuta na kutoa asidi ya asetoasetiki. Hesabu: kaboni ya kundi la asidi ni ya 1, kundi la keto, yaani kaboni iliyoshikana na oksijeni kwa vifungo viwili, liko kwenye ya 3. Kwa umbali huo hidrojeni ya asidi inaifikia oksijeni ya keto, atomi sita zinafunga duara, kaboni dayoksaidi inachomoka, na kinachobaki ni asetoni. Ndiyo niliyoinusa. Kwenye asidi ya piruvi keto iko kaboni ya 2, na mwili hauwezi kuitoa kaboni dayoksaidi hapo bila kimeng'enya kinachotumia vitamini B1. Kwenye asidi ya levulini iko ya 4, na moto mdogo hauifanyi kitu. Vikundi ni vile vile. Kilichobadilika ni nafasi.

Mofini, ile dawa kali ya maumivu, nayo isomeni hivyo. Wengi wanaiogopa kwa sababu ya pete zake tano zilizosongamana. Robert Robinson alipendekeza muundo wake mwaka 1925, na mwaka 1952 Marshall Gates akatangaza kwamba ameiunda yote maabara. Mkishaizoea, tazameni oksijeni iliyo kwenye kaboni ya 3. Ikibeba hidrojeni, ni mofini. Ikibeba methili, yaani kaboni moja yenye hidrojeni tatu, ni kodeini, dawa ya maumivu na kikohozi. Tofauti ni hiyo tu, lakini ini ndilo linaloing'oa methili hiyo, na kwa baadhi ya watu linaing'oa haraka mno hadi mofini inajaa damuni na pumzi inadhoofika. Mwaka 2017 mamlaka ya dawa ya Marekani ilisema watoto wa chini ya miaka 12 wasitibiwe maumivu wala kikohozi kwa kodeini. Kwa hiyo ukitumwa farmasi kuchukua dawa ya kikohozi ya mtoto, soma chupa kabla ya kulipa. Nawasihi sana.

Nyumbani, chora molekuli kubwa, ijaze ukurasa mzima, na uweke namba kwa penseli kabla hujaandika mshale wowote. Jana binti mmoja alifanya hivyo ubaoni. Akaigusa kaboni ya 3 kwa chaki, akanyamaza kidogo, kisha akaifuta kaboni dayoksaidi kwa kidole gumba.