Kabla hujanunua mazabodi, fungua kwanza kompyuta uliyonayo

Juzi mdogo wangu kanipigia kutoka Wete, furaha tele, "Kaka, mazabodi nshaipata, ina taa za rangi hizo!" Mazabodi ni ile bodi kubwa ndani ya kompyuta inayobeba prosesa, ubongo wa kompyuta, na ramu, kumbukumbu yake ya kazi. Namuuliza soketi gani, yaani lile tundu la kukalia prosesa, kimya. Ramu zako ni za kizazi cha DDR4 au DDR5? Ngoja nikaangalie, kaka. Nikamwambia usitume pesa, fungua kwanza hiyo kompyuta yako utazame ndani halafu unipigie. Na nyinyi wenzangu mnaotaka kuipandisha kompyuta ya gemu nawaambia hilo hilo, maana sie tunakaa kisiwani, kitu ukishakikosea kinapanda boti kurudi Dar, hapo kama duka litakubali kukipokea, na mengi hayakubali.

Mimi yalinikuta. Nilikuwa na mazabodi ya mtumba, B450, soketi AM4 ya kampuni ya AMD, nikaagiza prosesa ya Ryzen 5 5600 kutoka Kariakoo. AM4 kwa AM4, pini zimeingia zenyewe bila kulazimisha. Nikawasha, feni zikazunguka, kibodi ikawaka taa, skrini nyeusi tii. Nikachomoa ramu nikazisugua kwa raba ya penseli nikarudisha, nikabadilisha waya wa skrini, nikachomoa na betri ile ndogo ya duara, nyeusi vile vile, mpaka adhana ya alfajiri ikanikuta nimekaa sakafuni na bisibisi mkononi. Kumbe prosesa nzima na mazabodi nzima, tatizo ni BIOS, ile programu ndogo ndani ya mazabodi inayoiwasha kompyuta na kuitambua prosesa, B450 imetoka 2018 na hiyo 5600 imetoka 2022, sasa mazabodi ambayo haijawahi kuapdetiwa itamjuaje mgeni huyo? Ikabidi niazime Ryzen 3 2200G kwa rafiki yangu wa Jang'ombe, niiweke hiyo ya zamani, niapdeti BIOS kwa flashi, halafu ndio nirudishe mpya. Na hapo niliazima na UPS pia, ile betri inayoshika umeme ukikatika, kwa sababu BIOS ikiwa inaandikwa halafu umeme ukaenda, mazabodi inaweza kufa pale pale, na umeme wetu mnaujua.

Kwa hiyo muuzaji akikwambia "inakubali prosesa zote za AM4" usitosheke. Ingia kwenye saiti ya kampuni iliyoitengeneza, tafuta jina kamili la mazabodi mpaka ile herufi ya mwisho, utakuta orodha ya prosesa na kila moja inataka BIOS toleo gani. Halafu mwambie muuzaji aiwashe akuonyeshe toleo lililomo. Kuna mazabodi zina kitufe nyuma cha kuapdeti BIOS bila prosesa kabisa, unachomeka flashi na umeme tu, mimi ningeongeza pesa kwa ajili ya kitufe hicho kabla sijaongeza hata shilingi kwa ajili ya taa.

Ramu usibahatishe. DDR4 na DDR5 kile kijipengo cha katikati hakikai pahala pamoja, haziingiliani. AM5, soketi mpya ya AMD iliyotoka 2022, inapokea DDR5 peke yake, na kwa Intel ile soketi ya LGA1700 kuna mazabodi za DDR4 na kuna za DDR5, soma jina vizuri. Ukiniuliza mimi, kama tayari una AM4 na ramu 16GB nzuri, baki hapo hapo, pesa ipeleke kwenye prosesa na kadi ya grafiki. Anayeanza upya na mfuko unaruhusu achukue AM5, AMD wenyewe wamesema wataiendeleza mpaka 2027 na zaidi.

Sasa joto na chumvi, na hapa nawaomba sana msipite haraka. Pembeni mwa soketi kuna zile sehemu zinazoipa prosesa umeme, wanaziita VRM, kwenye mazabodi rahisi ziko uchi, kwenye nzuri zimevalishwa vipande vya alumini. Kipindi cha kaskazi chumba chenyewe kishakuwa moto, ukiweka prosesa kubwa juu ya VRM zilizo uchi zinachemka, prosesa inashusha spidi, gemu linaanza kukwamakwama katikati ya mechi na wewe unalaumu kadi ya grafiki. Na ukinunua mtumba nenda mchana, washa tochi ya simu, mulika matundu ya USB na pembezoni mwa soketi. Mimi nilishawahi kushika moja safi kabisa juu, nilipoigeuza kwa chini vijidoti vya risasi vimeota kutu ya kijani, hiyo imekaa nyumba ya karibu na pwani miaka, nikairudisha mezani nikaaga. Kama ni AM5 au Intel pini ziko kwenye soketi yenyewe, fungua kifuniko uzitazame zote kabla hujatoa pesa, moja ikipinda ni balaa.

Pima na kasha la kompyuta kama mazabodi itaingia, ya saizi ya ATX ni sentimita 30.5 kwa 24.4, micro ATX ni 24.4 kila upande.

Jana usiku mdogo wangu kanitumia picha. Ramu mbili za 8GB, DDR4, Ryzen 5 2600, na mazabodi ni B450 yenye alumini yake vizuri. Ile ya taa tumeiacha dukani. Tunamtafutia 5600, na Ijumaa nikivuka kwenda Pemba nabeba flashi na UPS.