Shetani haji na rula

Swali la wiki lilikuwa hili: mtu dhaifu na mtu mwovu wanatofautianaje, ikiwa wote wawili wametenda kosa lile lile? Nitajibu kwa sanduku la kikoba, yaani kikundi cha kuweka na kukopa fedha, na kosa liwe wizi, kwa sababu hapa Dar es Salaam, kuanzia Mbagala hadi Tegeta, watu wa aina zote mbili hulitenda kosa hilo hilo, na bahati nzuri huliacha kwenye maandishi.

Tuchukue kikundi cha wanachama 25, hisa moja shilingi 5,000, mwisho hisa 5 kwa wiki. Wote wakinunua hadi kikomo, Jumamosi moja inaingiza 625,000. Sanduku lina kufuli tatu, funguo wanazo watu watatu, na sanduku lenyewe linalala kwa mweka hazina, ambaye hana ufunguo hata mmoja. Mpaka hapo ni pagumu kuiba. Tundu liko kwenye marejesho ya mikopo yanayoletwa katikati ya wiki: hayo hukaa mkononi mwa mtu hadi siku ya mkutano.

Mweka hazina dhaifu huingilia tundu hilo, na kiasi anachochukua huwa na sura ya shida: ada ya mtoto 150,000, kodi ya chumba, dawa, au basi, mkeka wa kubeti. Amekusudia kurudisha kabla ya Jumamosi. Jumamosi inafika akiwa na 90,000. Ndipo simu yake haipatikani, anachelewa, anaomba kikao kisogezwe. Daftari hajaligusa, au amelikwangua kwa wembe vibaya hata mtoto anaona. Kanuni aliyoivunja bado anaiheshimu, ndiyo maana anaikimbia.

Mwovu haanzi na fedha. Anaanza na kanuni. “Jamani, tuache kuhesabu mbele ya wote, tunachelewa nyumbani.” Wiki chache baadaye, vitabu vya wanachama vikae kwake, visije vikapotea. Kisha unatokea mkopo wa 80,000 kwa jina la bibi asiyejua kusoma, na mwingine wa 100,000, yote chini ya kile kiwango ambacho lazima kamati ikae. Leja yake inapendeza, mistari imepigwa kwa rula. Anawahi kikaoni, na msibani rambirambi yake ndiyo nono kuliko zote. Na wa kusingiziwa ameshaandaliwa: katibu kijana aliyeombwa sahihi haraka haraka kwenye karatasi tupu.

Kwa hiyo ukubwa wa hasara haukuambii kitu. Dhaifu anaweza kuzamisha milioni mbili na mwovu akakamatwa na 40,000. Utulivu wa uso nao si ushahidi. Kuna waaminifu wasiotetereka na kuna waaminifu wanaotetemeka wakiitwa tu jina.

Njia inayofaa zaidi ni hii. Mwite peke yake, usimwonyeshe karatasi yoyote, umwombe aseme mwenyewe ni kiasi gani. Dhaifu mara nyingi hutaja chote, hata na kile ambacho hamjakigundua, kama mtu anayetua mzigo. Mwovu husubiri ajue mnajua nini, kisha hukiri hicho hicho na senti moja zaidi haongezi. Ukitoa karatasi mapema umeharibu kipimo, na hilo ndilo kosa wanalofanya wenyeviti wengi kwa hasira.

Baada ya hapo wote wawili watakwambia, “Shetani alinipitia.” Kwa dhaifu yawezekana ni kweli. Lakini shetani anayepita hapitii miezi minane mfululizo, wala haji na rula.

Waswahili hatukuanza leo kutenganisha mambo haya. Surat Yusuf, aya ya 53, inataja nafsi inayoamrisha maovu. Surat Al-Qiyama, aya ya 2, inaapa kwa nafsi inayojilaumu. Wakristo wanaye Paulo katika Warumi sura ya 7, akilia kwamba jema alipendalo halitendi. Aristotle, Mgiriki wa karne ya 4 kabla ya Kristo, aliufananisha udhaifu na kifafa, kinachokuja na kuondoka, na uovu na kifua kikuu, kisichopumzika. Akaona mwovu haponi kwa kuwa hajuti. Siku hizi kifua kikuu kinapona kwa dawa za miezi sita, ila kwa mgonjwa anayekubali kwamba anaumwa.

Panaponitatiza mimi ni njia iliyo kati yao, maana dhaifu anaweza kuhamia upande wa pili bila kuhisi. Mpaka naujua mmoja tu ulio wazi: siku kalamu inapogusa jina la mtu mwingine. Kabla ya hapo alikuwa akiificha aibu yake. Sasa anaitafutia mtu wa kuibeba. Wala haihitaji chuki. Wanaofurahia kuumiza ni wachache mno. Huyu anamwona yule bibi kama mstari mtupu kwenye leja.

Tiba zao msizichanganye. Kwa dhaifu, rekebisheni utaratibu: marejesho yapokelewe kikaoni tu, fedha zihesabiwe kwa sauti, deni liandikwe kwa tarehe, abaki mwanachama lakini mbali na sanduku. Mkimtangaza mwizi mtaani atahama usiku na deni lenu.

Kwa mwovu, rudisheni kila kitabu kwa mwenyewe siku hiyo hiyo, kila mmoja alinganishe chake na leja mstari kwa mstari, mikopo yote ithibitishwe kwa mkopaji ana kwa ana, kisha muende serikali ya mtaa na polisi. Hapa ndipo wazee husema tuyamalize kifamilia, alipe, aondoke na heshima yake. Atalipa kweli, na haraka. Mwezi ujao atakuwa mtaa wa tatu kutoka hapo, kikundi kipya, akipendekeza kwamba kuhesabu mbele ya wote kunachelewesha watu.