Bagamoyo kwa siku moja, bila gari

SWALI: Wanangu wawili, mmoja wa miaka 6 na mwingine wa miaka 9, wananiomba niwapeleke ufukweni Bagamoyo. Ningependa twende Jumamosi pamoja na mama yangu, anayesumbuliwa na magoti, na turudi siku hiyo hiyo. Hatuna gari. Jirani yangu aliyekwenda hivi karibuni anasema alikuta tope tupu na bahari iko mbali. Je, safari hii inatufaa?
Mama wa watoto wawili, Sinza, Dar es Salaam

JIBU: Inawafaa sana, dada yangu, na usafiri ndio sehemu nyepesi kuliko zote. Nendeni kwa daladala hadi kituo cha Makumbusho, ambako mtapata mabasi ya Bagamoyo yanayopita Mwenge, Tegeta, Bunju na Mapinga. Ni mwendo wa kilomita zipatazo 65. Basi likiwa limekaribia kujaa, liacheni liondoke, msubiri linaloanza kupakia, ili mama achague kiti chenye nafasi ya kunyoosha miguu. Mkishuka stendi ya Bagamoyo, mchukulieni bajaji hadi ufukweni na mpatane bei kabla ya kupanda.

Jambo linalotaka hesabu ni maji, na hapo ndipo jirani yako alipokwama. Pwani ya Bagamoyo ni tambarare, hivyo bahari ikipwa hurudi mbali na kuacha mchanga na tope. Tena Mto Ruvu humwaga maji yake kaskazini mwa mji, ndiyo maana bahari ya hapo huwa na rangi ya udongo, hasa nyakati za mvua. Maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kwa takriban dakika 50. Siku za bamvua, yaani mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, pwani yetu hupwa kabisa mnamo saa 4 au 5 asubuhi, na maji hayajai tena hadi kama saa 10 alasiri, wakati ambao msafiri wa Dar es Salaam anapaswa kuwa anafikiria kurudi. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, bahari hujaa asubuhi.

Kwa hiyo msiichague Jumamosi kwa sababu tu mna nafasi. Ningewachagulia ile inayoangukia siku mbili au tatu baada ya mwezi nusu, ambayo kwa kalenda ya Kiislamu huwa karibu na tarehe 10 au 25, kwa kuwa siku hizo maji hujaa adhuhuri na watoto watakuwa na saa kadhaa za kuoga. Mkifika, waulizeni wavuvi, ambao saa za maji wanazijua kuliko mtu yeyote. Watoto waogee mbali na mahali ngalawa na mashua zinapotia nanga, mtu mzima mmoja akiwa ndani ya maji pamoja nao wakati wote, hata panapoonekana kina kifupi.

Asubuhi, kabla maji hayajajaa, piteni Ngome Kongwe na Boma la Wajerumani lililojengwa mwaka 1897. Magofu ya Kaole, yenye msikiti wa karne ya 13, yako kilomita 5 kusini, nami nayapenda mno, lakini kwa magoti ya mama na jua la mchana ningeyaachia safari nyingine. Chakula cha mchana kipo soko la samaki, hapo hapo ufukweni, ambako samaki hukaangwa mbele yenu.

Saa 10 alasiri muwe mmeshafika stendi, kwa maana jioni abiria huwa wengi, na foleni kuanzia Tegeta hadi Mwenge inaweza kumchosha mama kuliko safari yote iliyotangulia.