Binti huyu ni shujaa, jasiri au nguli?

Swali: Mtaalamu, salamu. Ninaandika hadithi ya vijana wa miaka 10 hadi 14. Binti mmoja anafunga safari kwenda kuirudisha sauti ya mama yake, iliyoibwa na zimwi. Mhariri amenirudishia mswada ukiwa umejaa wino mwekundu. Nilipoandika "shujaa", mara ameweka "nguli", mara "jasiri", akidai nimerudiarudia neno moja. Amefuta "akaenda, akaenda, akaenda". "Zimwi likasema" ameligeuza kuwa "zimwi akasema". Kwenye jalada hataki "hadithi", anataka "ngano". Mwishoni amekata "mustarehe" akabakiza "raha". Je, nani yuko sahihi?

Jibu: Ndugu mwandishi, katika hayo matano mhariri wako nampa moja na nusu. Ngoja nianze na lile lililokuudhi zaidi.

Shujaa, jasiri, hodari, jabari na nguli si maneno ya kubadilishana kama sahani mezani. Hodari ni mtu anayeliweza jambo: hodari wa hesabu, hodari wa kuogelea. Anaweza kuwa hodari maisha yake yote bila kukutana na hatari hata siku moja. Jabari ni mwenye nguvu za kutisha, na kwa kuwa neno hilo ni sifa ya Mungu pia, ukilitumia kwa msichana wa miaka 12 litampwaya. Nguli ni mtu aliyebobea katika jambo akavuma: nguli wa taarabu, nguli wa soka. Wako wahakiki wa fasihi wanaolitumia kwa mhusika mkuu, na huko ndiko mhariri wako alikolitoa, nadhani. Lakini mtoto anayesoma "nguli akavuka mto" atafikiri ni mwimbaji mkongwe aliyepotea njia.

Jasiri linataka uangalifu zaidi, maana liko karibu sana na shujaa. Jasiri ni mtu asiyeogopa kuthubutu, awe anathubutu jema au baya. Mwizi anayeingia nyumbani mchana kweupe ni jasiri, wala hakuna atakayemwita shujaa. Isitoshe, methali inasema jasiri haachi asili, na anayeitoa mara nyingi huwa anamsema mtu aliyekanywa akarudia yaleyale. Kwa hiyo binti yako aweza kuwa jasiri tangu ukurasa wa kwanza, anapomjibu mjomba wake neno ambalo watoto wengine wangelimeza. Ushujaa hauji mapema hivyo. Shujaa ni jina ambalo watu humpa mtu baada ya tendo, na tendo lenyewe liwe limemgharimu kitu kwa ajili ya wengine. Kenya ina Siku ya Mashujaa kila Oktoba 20, na Tanzania kila Julai 25. Siku hizo hazikuwekwa kwa ajili ya watu waliokuwa na roho ngumu tu.

Hapa ndipo ninapokugeukia wewe, maana nawe unalo kosa. Katika barua yako ndefu, ambayo hapa nimeifupisha, unasema "shujaa wa hadithi" mahali ulipokusudia mhusika mkuu. Zipo lugha ambazo neno moja hubeba maana zote mbili, na watafsiri wametuletea mazoea hayo hadi tunasoma sentensi kama "shujaa wa riwaya hii ni mwoga anayewasaliti rafiki zake." Kiswahili kimetenganisha mambo haya, basi tuyaache yalivyo. Mhusika mkuu ni nafasi katika hadithi, na shujaa ni heshima ambayo mtu hupewa. Binti yako ni mhusika mkuu tangu mstari wa kwanza. Shujaa atakuwa pale atakapokuwa, na ukisubiri mpaka sura ya tisa ndipo mtu mwingine kabisa, tuseme yule mvuvi aliyemcheka, alitamke neno hilo mara moja tu, litapiga kuliko ukilitawanya mara arobaini. Nusu ya pointi niliyompa mhariri ni hiyo: ameona kwa haki kwamba neno limezidi. Ila dawa yake si kuliwekea visawe vya uongo. Andika jina la binti, au "binti", au "akafanya" bila kumtaja.

Kwa ajili ya wanaopenda sarufi: shujaa lina umbo la wingi la ma-, lakini kwa kuwa ni mtu, upatanisho wake ni wa mtu. Shujaa mdogo amefika, mashujaa wadogo wamefika. "Shujaa dogo limefika" ni dhihaka. Wala huna haja ya kuandika "shujaa wa kike" kila mara, kwani neno halina jinsia, na ukimwongezea "wa kike" ni kama unamwomba radhi msomaji.

Jinsia hujificha kwingine. Nimeona katika sura yako ya nne umeandika "binti akajikaza kiume". Sote husema hivyo, na kinywani hupita. Katika kitabu cha msichana anayekwenda kupambana na zimwi linakwaruza. Una "akapiga moyo konde", "akajikaza kisabuni" (hilo lina mzaha, liweke pale anapotetemeka kidogo), "akajitosa". Epuka rijali, ambalo ni la mwanamume. "Akajitoa mhanga" lilikuwa zuri sana, ila taarifa za habari zimelifunga na mabomu, na kijana wa leo huenda akasikia hilo kwanza.

Kabla sijaondoka kwenye ushujaa, kumbuka kwamba lugha yetu haikumshangilia shujaa bila kusita. Kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Na Fumo Liyongo, ambaye utendi wake uliandikwa na Muhammad Kijumwa mwaka 1913, hakutoka kifungoni kwa misuli yake peke yake. Mama yake alimfichia tupa ndani ya mkate, naye akakata minyororo huku ngoma na nyimbo zikimeza sauti ya chuma. Baadaye mwanawe mwenyewe akamchoma kitovuni amelala. Liyongo akajikokota mpaka kisimani, akapiga goti, akatia mshale upindeni, akafa hivyohivyo, na watu wakaogopa kuteka maji wakidhani angali hai. Tazama yaliyomo humo: werevu wa mama, usaliti wa mtoto, na mwili mfu unaotisha. Kama binti yako atashinda kwa nguvu tu, utakuwa umemnyima nusu ya urithi wake.

Sasa safari. Wewe uliandika: "Binti alifunga safari. Akaenda, akaenda, akaenda, hata akafika kwenye mto usio na daraja." Mhariri akaandika: "Binti alianza safari yake na alitembea kwa muda mrefu mpaka alipofika kwenye mto ambao haukuwa na daraja."

Zisome kwa sauti. Ya mhariri haina kosa la sarufi, lakini imekufa. Ile "na alitembea" inayounganisha vitendo viwili kwa "na" ni mkono wa mtu anayefikiri kwa lugha nyingine. Kiswahili kina -ka- kwa kazi hiyo. Kitendo cha kwanza hushika wakati kwa -li-, kisha vinavyofuata huning'inia kwenye -ka- kimoja baada ya kingine, na msikilizaji anajua kwamba hiki kilikuja baada ya kile. Na kitenzi kinaporudiwa, huo ni urefu wa njia: "akaenda" ya kwanza ni ya kutoka nyumbani, ya pili anapoteza vilima alivyovizoea, ya tatu miguu inauma. Msimulizi mzuri huivuta ya tatu mpaka watoto wachoke naye. "Kwa muda mrefu" ni taarifa tu.

Rudisha zote tatu. Ila zitumie mara mbili kitabu kizima, kwenda na kurudi. Safari za katikati zipe maneno mengine, nayo tunayo tele: alishika njia, alichanja mbuga, walitweka tanga, walikwenda mwendo wa siku saba, siku nenda siku rudi. Na usisahau ile "huyo!" ya masimulizi, ambayo sijui kwa nini waandishi wa siku hizi wanaionea haya: "Akachukua kibuyu chake, huyoo, akaenda zake." Herufi chache, na mtoto ameshamwona mgongo unavyotokomea.

Kuhusu -ka- kuna jambo moja dogo ambalo wewe na mhariri mmelipita. Umeandika "akabisha hodi lakini hakujibiwa." Ni sawa. Masimulizi ya zamani yangesema "akabisha hodi, asijibiwe, akatazama, asione mtu." Hiyo -si- hufuata -ka- bila kukata mwendo, na "lakini" haihitajiki. Jaribu mahali pamoja, pale mbele ya pango. Mtoto ataielewa hata kama hajawahi kuiandika darasani.

Na kwa vile neno lenyewe ni safari, usiache kulichezea. Kwetu safari ni mwendo, na pia ni mara. Zimwi limemkosa binti mtoni, likamkosa tena kwenye mbuyu, kisha wanakutana pangoni, nalo linanguruma: "Safari hii hutoki!" Binti anaweza kujibu kwamba safari hii ndiyo aliyoifunga tangu nyumbani. Sijui kama ungependa, lakini mimi ningeshindwa kujizuia.

Tuje kwa zimwi, ambalo kwangu ndilo swali tamu kuliko yote. Mhariri ana kanuni mkononi: kiumbe chenye uhai hupatanishwa kwa a- na wa-, hata kama jina lake lina umbo la ngeli nyingine. Kipofu amefika, kiboko amezama, shujaa ameshinda. Kwa kanuni hiyo, zimwi amesema. Wapo wasimulizi wanaosema hivyo, kwa hiyo hakubuni.

Lakini methali inayojulikana na kila mtu haikumfuata: zimwi likujualo halikuli likakwisha. Li-, ha-li-, li-ka-. Kwa nini? Kwa sababu katika viumbe, kuacha a- na kushika li- hukuza na hutisha. Nyoka anapita, joka linapita. Mtu anacheka, jitu linacheka. Li- humwondolea kiumbe utu, humfanya kuwa kishindo na kivuli kabla hajawa nani. Ukiandika "zimwi akasema", nasikia jirani mwenye meno mabaya. Ukiandika "zimwi likasema", nasogeza mkeka karibu na taa.

Hapo unayo silaha ambayo lugha nyingi hazina, na ningependa uitumie kwa makusudi. Katika hadithi yako kuna mahali ambapo binti anagundua kwamba zimwi liliiba sauti kwa sababu halikuwa na ya kwake. Mpaka hapo liwe li-. Katika mazungumzo yanayofuata, binti anapolikalisha chini na kuliuliza jina, lipe a-. "Zimwi likanyamaza. Kisha akasema, polepole, kwamba hajawahi kuulizwa." Usieleze lolote. Msomaji wa miaka 11 hatajua kwamba ni ngeli iliyobadilika, ila atahisi kwamba kuna kitu kimelegea. Mwandikie mhariri pembeni kuwa umefanya kusudi, la sivyo atakusahihishia tena. Sharti ni moja: kama hufanyi kwa makusudi, chagua upatanisho mmoja ubaki nao, kwani kuchanganya ovyo kutaonekana uzembe tu.

Jalada. Pointi nzima niliyompa mhariri ni hii, ingawa naitoa kwa shingo upande. Hadithi ni neno pana, linabeba kila masimulizi, ya kweli na ya kubuni, ya jana na ya kale, na kwa Waislamu lina maana ya pekee ya maneno na matendo ya Mtume. Ngano ni finyu zaidi: masimulizi ya kubuni yaliyopokewa kwa mdomo, yenye wanyama wanaosema, mazimwi, miujiza. Shuleni huzigawa tena kuwa ngano za mazimwi, ngano za usuli (zinazoeleza chanzo cha mambo), hurafa za wanyama na kadhalika. Hekaya nayo wengi huiweka kwenye visa vya ujanja, vya akina Abunuwasi. Kwa wahusika wake na mwendo wake, kitabu chako kiko upande wa ngano. Kwa asili yake ni hadithi, maana umeitunga wewe na jina lako liko juu. "Ngano" jaladani itamwambia mzazi mara moja aina ya kitabu alichoshika. Chagua lolote, sitakugombeza, ila ndani usianze kwa "Ngano hii inahusu." Anza kwa "Hapo zamani za kale paliondokea binti mmoja", na hiyo "paliondokea" usiruhusu iguswe. Ni neno lilelile lililo ndani ya "kaondokea chenjagaa, kajenga nyumba kakaa", na nje ya masimulizi karibu halina tena pa kuishi.

La mwisho ni jepesi. Mhariri anasema raha na mustarehe ni kitu kimoja, hivyo moja liondoke. Ni kitu kimoja kweli. Lakini hakuna aliyewahi kuishi raha tu mwishoni mwa hadithi. Wote waliishi raha mustarehe. Rudisha.