Kompyuta ya Steshenari Imezeeka: Iongezewe Nguvu au Inunuliwe Nyingine?

SWALI

Ndugu mwandishi, salaam. Nina duka dogo la steshenari hapa Nyegezi, Mwanza, na wateja wangu wengi ni wanafunzi wa vyuo wanaochapisha tafiti zao, pamoja na watu wanaokuja kujaza maombi ya ajira na ya mikopo ya elimu kwa mtandao. Kompyuta yangu ni ya mezani, Dell OptiPlex 7010 ya Core i5, yenye RAM ya GB 4 na diski ya GB 500, ambayo niliinunua ikiwa imekwisha kutumika. Siku hizi, tangu niiwashe hadi nifungue faili la mteja, zinapita dakika saba au nane. Tena kila umeme unapokatika, tarehe hurudi nyuma miaka mingi na tovuti hukataa kufunguka. Fundi wa kwanza anataka shilingi 350,000 aniwekee prosesa ya i7 na kuniongezea RAM. Fundi wa pili anasema mashine hii ni ya kutupa, na ananiuzia ya mtumba kwa shilingi 480,000, akisisitiza kwamba nayo ni i5. Mwanangu anashauri nijikaze ninunue kompyuta mpakato mpya kwa shilingi milioni moja na laki mbili. Nimsikilize nani?

Mama Steshenari, Nyegezi

JIBU

Mama, pole kwa usumbufu. Kwa maelezo uliyotoa, nisingempa fedha yeyote kati ya hao kabla ya kushughulikia mambo mawili madogo, na la kwanza halihitaji hata elfu kumi.

Tarehe inarudi nyuma kwa sababu betri ndogo ya mviringo, mfano wa sarafu, iliyo kwenye ubao mkuu wa kompyuta imekwisha. Kazi yake ni kuiendesha saa ya ndani wakati umeme haupo. Inaitwa CR2032, ina volti 3, na huuzwa hata kwa mafundi wa saa. Tovuti nazo hazikatai kwa sababu ya uzee wa mashine: kila tovuti salama huja na cheti chenye tarehe ya kuanza na ya kwisha, na kompyuta inayoamini kwamba bado tuko mwaka 2012 huona cheti hicho hakijaanza kutumika, ikaifungia mlango tovuti nzima. Inanishangaza kwamba mafundi wawili waliitazama mashine hii na hakuna aliyeitaja betri hiyo.

La pili ni huo uzito, na hapa naomba tuende taratibu, kwa kuwa ndipo fedha nyingi hupotea. Mashine yako ni toleo la mwaka 2012. (Dell waliurudia mwaka 2023 jina hilohilo la 7010 kwa kompyuta mpya kabisa, kwa hiyo unapoulizia vipuri taja mwaka pia.) Prosesa yake haina makali ya zile za leo, lakini kwa kuandika barua, kufungua kivinjari na kutuma kazi kwenye printa bado inatosha. Ninachokishuku ni diski. Diski ya aina ya zamani ina sahani zinazozunguka, kwa kawaida mara 7,200 kwa dakika, na mkono mwembamba unaokimbia huku na huko kutafuta kila kipande cha taarifa. Kwa mwendo huo, hufikia vipande mia moja hivi tu kwa sekunde vinapokuwa vimetawanyika. SSD, ambayo ni diski isiyo na kitu kinachozunguka, huweza kufikia makumi ya maelfu. Kuwasha Windows ni kusoma maelfu ya mafaili madogo yaliyotawanyika, ndiyo maana mtu aliyebadili diski peke yake hudhani amenunua kompyuta nyingine.

Usinunue kwa kuniamini mimi; ipime mwenyewe. Mashine inapokuwa nzito, bonyeza vitufe vya Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, kisha utazame asilimia zinazotokea. Ikiwa diski inasoma 100 au karibu yake ilhali prosesa iko chini, jibu umelipata, na i7 ya fundi wa kwanza isingekusaidia kitu. Ikiwa prosesa ndiyo iliyojaa wakati hujafungua programu yoyote, kuna uwezekano wa virusi, jambo lisilo geni kwenye duka linalochomekewa flashi za wanafunzi kutwa nzima.

Nunua basi SSD ya SATA (aina inayochomekwa kwenye waya zilezile za diski yako ya sasa) yenye GB 240 au 256, na umwombe fundi aisakinishe Windows upya badala ya kuyahamisha yote yaliyomo kwenye diski ya sasa, maana kuhamisha yote ni kuhamisha na virusi. Kabla ya hapo, nakili mafaili yako muhimu mahali pengine. Diski ya zamani, kama bado ni nzima, inaweza kubaki ndani ya sipiyu (kama tulivyozoea kuliita kasha lote) kwa ajili ya kutunzia kazi za kawaida. Na kwa kuwa kasha litakuwa limefunguliwa, fundi alipulize vumbi na abadilishe pesti ya kupitishia joto juu ya prosesa. Ninyi mnaokaa karibu na ziwa mna shida ya ziada: wale wadudu wanaopanda kutoka majini kama moshi hufuata taa jioni, hufia kwenye feni, na kompyuta inayopata joto hujipunguzia kasi yenyewe.

Kuhusu RAM, ni kweli GB 4 ni chache. Hata hivyo, kabla ya kuongeza, fungua sehemu ya maelezo ya mfumo uone kama Windows uliyowekewa ni ya biti 32 au 64. Ile ya biti 32 haitumii zaidi ya GB 4 hata ukiijazia, na nimekutana na zaidi ya duka moja lililolipia GB 8 likaendelea kutumia tatu na kitu. Mashine yako inapokea RAM ya aina ya DDR3, ile ya kompyuta ya mezani, wala si ile fupi ya mpakato. Tafuta kipande kimoja cha GB 4 kilichokwisha kutumika, uishie hapo. Kompyuta za miaka ya karibuni hutumia DDR4 au DDR5, ambazo haziingiliani na DDR3, kwa hiyo kila shilingi unayoiweka kwenye RAM hii itazikwa pamoja na mashine. Prosesa ya fundi wa kwanza ingezikwa vivyo hivyo. SSD ya SATA, kinyume chake, unaweza kuichomoa ukaihamishia kwenye kompyuta ijayo, na hicho ndicho kipimo ninachokitumia kwa mashine yoyote iliyozeeka: kifaa kitakachohama nanunua bila wasiwasi, kitakachobaki nanunua kwa bei ya mtumba au nakiacha.

Wasiwasi nilio nao juu ya mashine yako hautokani na kasi. Microsoft walikomesha huduma ya kawaida kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na wakatangaza nyongeza ya mwaka mmoja ya masasisho ya usalama, hadi Oktoba 2026, kwa wanaojiandikisha kwa akaunti ya Microsoft. Windows 11 rasmi inadai, kwa upande wa Intel, prosesa ya kizazi cha nane au zaidi, pamoja na kipengele cha usalama kiitwacho TPM 2.0, ilhali prosesa yako ni ya kizazi cha tatu, au hata cha pili. Wapo mafundi wanaoiingiza kwa njia za panya. Kwa kompyuta ya nyumbani ningekaa kimya, ila kwa duka linalopokea vitambulisho na nywila za watu siafiki, kwa kuwa Microsoft hawaahidi masasisho kwa mashine zisizotimiza masharti. Linux Mint, mfumo unaoweza kuwekwa badala ya Windows, ni ya bure na ingekimbia vizuri humo, lakini mwanafunzi akileta utafiti ulioandikwa kwa Word, kurasa na majedwali yanaweza kuhama yakifunguliwa kwa programu nyingine, nawe ndiye utakayelaumiwa. Kwa hiyo SSD inakununulia muda wa kuweka akiba, si zaidi.

Akiba hiyo ielekee kwenye kompyuta ya mezani ya mtumba ya kizazi cha nane au baada yake. Fundi wa pili anapokwambia "ni i5", amekutajia ukoo bila kukutajia umri. Mwombe namba kamili: i5-3470 ni kizazi cha tatu, i5-8500 ni cha nane, na zenye tarakimu tano, kama i5-10500, zisome mbili za mwanzo, yaani kizazi cha kumi. Akikuonyesha ya tatu au ya nne kwa shilingi 480,000, unanunua ugonjwa uleule ulio nao dukani. Akikuonyesha ya nane, imewaka mbele yako na Windows 11 yenye leseni halali, bei hiyo inazungumzika, na pengine hutahitaji kuigusa ya zamani.

Mwanao ana hoja moja nzito: mpakato una betri, umeme ukikatika kazi ya mteja haipotei. Lakini hoja hiyo inajibiwa na UPS, yaani kifaa chenye betri kinachoshikilia umeme wa kompyuta ya mezani, ambayo hukupa dakika za kuhifadhi na kuzima, nayo pia ni kifaa kinachohama. Kwenye steshenari, ambako kila mteja anataka kugonga kibodi mwenyewe, kibodi ya mezani ikifa unanunua nyingine mtaani, ilhali ya mpakato hufunguliwa mashine nzima.

SWALI

Nimenunua kompyuta mpya kwa ajili ya duka langu la kudurufu. Ya zamani, yenye diski ya kuzunguka, nataka kumuuzia jirani. Nikiyafuta mafaili yote inatosha?

Msomaji, Nansio, Ukerewe

JIBU

Haitoshi, ndugu yangu. Faili lililofutwa kwa njia ya kawaida hubaki kwenye diski hadi lingine liandikwe juu yake, na programu za kulirudisha hupatikana bure. Duka la kudurufu huwa na nakala za vitambulisho na vyeti vya nusu ya mji, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamtaka anayekusanya taarifa za watu azilinde. Iunganishe diski hiyo kwenye kompyuta yako mpya, chagua kuifomati, na uondoe alama kwenye kisanduku cha kufomati kwa haraka. Windows itaandika sifuri diski nzima. Kazi hiyo huchukua saa kadhaa, kwa hiyo ianze jioni unapofunga, ikiwa umeme wa huko unaaminika usiku. Ama mwuzie jirani kasha bila diski, umpunguzie bei.