Kabla ya kuandika barua ya kuacha kazi

SWALI

Shikamoo Mama, na kamwene kutoka Mufindi. Nina umri wa miaka 33, nina stashahada ya uhasibu, na kwa miaka minane nimekuwa karani wa hesabu katika kiwanda cha chai. Kazi naimudu, lakini sioni tena pa kupanda. Rafiki yangu aliyeko Tunduma, mpakani na Zambia, ananiita katika uwakala wa forodha akisema kuna fedha. Baba ana ekari mbili Njombe na anataka nipande parachichi. Nami moyoni natamani kurudi masomoni. Mume wangu ameniachia niamue, ila mama hachoki kunikumbusha kwamba usiache mbachao kwa msala upitao. Nitaijuaje njia iliyo sahihi? Na je, nimweleze mkuu wangu wa kazi sasa?

Karani, Mufindi

JIBU

Marahaba, mwanangu. Mama yako amesema kweli, nami ningependa uisikilize methali yake hadi neno la mwisho. Haimzuii mtu kuacha mkeka uliochakaa. Inamzuia kuuacha kwa ajili ya msala upitao, ule wa kuazima, ambao mwenyewe atakuja kuuchukua. Unachotakiwa kuchunguza, basi, ni ipi kati ya njia zako tatu inapita na ipi itakaa, na jambo hilo halijulikani kwa simu.

Nalisema kwa uchungu kwa sababu lilinikuta. Nikiwa na umri kama wako niliacha ajira Iringa mjini baada ya kupigiwa simu mara mbili na kampuni moja ya Mbeya. Nilipakia vyombo kwenye lori, na siku ya kwanza kazini ndipo nilipoelezwa kwamba nusu ya kile walichokiita mshahara ilikuwa posho ya safari, ambayo hulipwa mwezi wenye safari tu. Sikuwa nimeomba karatasi yoyote. Laiti ningemtafuta mtu mmoja aliyewahi kufanya kazi pale, ningeyajua hayo yote kwa gharama ya kikombe cha chai.

Tuanze na Tunduma. Sina shaka kwamba kazi ipo, kwa kuwa shehena ya Zambia na ya Kongo inayotoka bandari ya Dar es Salaam hupita hapo kwa wingi, na foleni ya malori unaiona kwa macho. Hata hivyo, kuwapo kwa malori hakukuambii karani mgeni atalipwa nini. Rafiki yako anakupenda, na kwa sababu hiyo hiyo hatoshi kuwa shahidi wako. Tafuta watu watatu zaidi: aliyeingia katika kazi hiyo mwaka huu, aliyedumu miaka mitano au zaidi, na aliyeiacha. Huyu wa mwisho ndiye mwenye thamani kubwa kuliko wote, na ndiye ambaye watu hawamtafuti. Usimuulize kama kazi ni nzuri, maana kila mtu ana jibu la heshima kwa swali hilo. Muulize mwezi uliokuwa mbaya kuliko yote ulikuwa upi, alilipwaje mwezi huo, saa ngapi alikuwa akirudi nyumbani, na nani alibeba hasara mzigo ulipokwama kwa hati yenye kosa. Uliza pia kama mwajiri anahitaji cheti cha Afrika Mashariki cha uwakala wa forodha, nani atalipia masomo yake, na kama utalipwa mshahara au kwa kila mzigo. Siku hiyo hiyo, kabla ya kulala, andika uliyoambiwa. Ukiyaacha hadi juma lijalo utakumbuka yale tu uliyotaka kuyasikia.

Muda wa kufanya hayo unao. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakupa likizo ya siku 28 kila mwaka. Najua likizo ni ya kupumzika na ya kuwaona wazazi, lakini juma moja la likizo hii litumie Tunduma, ukiwa mtazamaji na si mwajiriwa, ukiketi katika ofisi watakayokuruhusu kuanzia asubuhi hadi jioni. Ukiweza, nenda katika kipindi ambacho wenyewe wanakiita kigumu.

Kuhusu parachichi, nadhani umeliweka swali upande usio wake. Mche uliobebeshwa wa Hass, aina ya parachichi ya biashara, huanza kuzaa karibu mwaka wa tatu, na mavuno ya kutegemewa huja baadaye zaidi, kwa hiyo shamba haliwezi kuwa mbadala wa mshahara wako wa mwezi ujao. Kwa upande mwingine, mti hauna haja ya wewe kuacha kazi ili ukue. Kwa nafasi ya mita 7 kwa 8, ekari moja huchukua miche takribani 70. Panda ekari moja kwanza, huku mshahara ukilipia mbolea na mtu wa kupalilia, na kabla ya kununua miche pata ushauri wa watafiti wa kilimo wa TARI Uyole, Mbeya.

Nenda pia ukasimame mahali wanunuzi wanapopokea matunda. Mimi nilisimama Njombe asubuhi moja nikimtazama mama mmoja na kreti zake sita. Mpokeaji aligeuza tunda moja moja. Lililochunwa kwa mkono, likang'oka bila kikonyo, aliliweka kando, lenye mchubuko kando, dogo kando. Kreti sita zikabaki nne, na yule mama akazifunika zile mbili kwa kanga yake bila kusema neno. Ukipiga hesabu za shamba la baba, zipige kwa kreti nne.

Masomo ndiyo njia ninayoiona imara kuliko zote, nawe umeitaja mwishoni kana kwamba ni anasa. Mitihani ya Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu hufanyika mara mbili kwa mwaka, Mei na Novemba, na wengi huifanya wakiwa kazini. Taasisi ya Uhasibu Tanzania ina kampasi Mbeya. Ulizia huko ratiba zinazomfaa mwajiriwa. Karani mwenye uzoefu wa miaka minane ya hesabu za kiwanda, akiongeza cheti cha bodi, anaweza kuomba kazi kiwandani, katika mashine za mbao Mafinga, hata katika hiyo ofisi ya forodha, na safari hiyo akiomba nafasi ya juu zaidi.

Ukilinganisha malipo, usiweke shilingi kando ya shilingi tu. Kama mnaishi katika nyumba ya kampuni, tafuta kodi ya nyumba ya namna hiyo Tunduma. Hesabu matibabu ya watoto. Hesabu NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, ambako kwa kawaida mwajiri huchangia asilimia 10 ya mshahara na wewe asilimia 10. Pensheni ya uzeeni huhitaji michango ya miezi 180, nawe, kama michango yote iliwasilishwa, una takribani 96. Omba taarifa yako uhakikishe, kwa sababu mwajiri mpya asiyewasilisha michango atakuachia pengo katika hiyo 84 iliyobaki. Fahamu vilevile kwamba kiinua mgongo cha kisheria, yaani mshahara wa siku saba kwa kila mwaka uliotimia, humhusu aliyeachishwa na mwajiri, wala si aliyeondoka kwa hiari yake.

Mkuu wako usimweleze bado. Fikra si uamuzi, na ofisini fikra ikishasemwa hugeuka habari. Mweleze utakapokuwa na mkataba wa maandishi uliosainiwa na pande zote mbili, wenye kiwango cha mshahara, kituo cha kazi na saa za kazi. Hapo mpe notisi ya siku 28, ambayo ndiyo ya chini kwa anayelipwa kwa mwezi, isipokuwa mkataba wako unataja muda mrefu zaidi. Kabidhi vitabu vya hesabu vikiwa vimefungwa hadi siku yako ya mwisho, na usiondoke bila cheti cha utumishi.